Kutoka Kiberiti cha Bibi hadi Dole Gumba

Nilipokuwa mdogo pale Rau, mchuuzi alipiga hodi akiwa kwenye masale, wala hakukanyaga kihambani mpaka akaribishwe. Walipita wa vitenge vya kulipa kidogo kidogo, wa vyombo vya kubadilishana na nguo kuukuu, na wa asali kwenye chupa za konyagi. Huyo wa mwisho ndiye aliyemchangamsha bibi. Alichovya njiti ya kiberiti ndani ya chupa, akaikung'uta, akaiwasha. Ikiwaka, asali, ikigoma, sukari guru ya kuchemsha. Kipimo chenyewe sikiamini sana, kwani hata asali halisi iliyorinwa kabla ya kuiva ina maji mengi. Ila tapeli akisikia bibi anaagiza kiberiti, alikumbuka ghafla kwamba anasubiriwa Rau Madukani.

Ulaghai ule ulionjeka na kunusika, na hasara yake ilikuwa chupa moja.

Mwaka 2019 mambo yakageuka. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 1, na kadiri Januari 20, 2020 ilivyokaribia, siku ya mwisho kabla ya laini kuzimwa, ndivyo vijana wa mashine walivyozidi kupita nyumba kwa nyumba. Hawa hawakudai hata senti. Shangazi walimkuta akimenya ndizi za mtori, vidole vimejaa utomvu.

“Shikamoo mama. Dole halijashika, weka tena.”

Akafuta kwa kanga, akaweka.

“Tena kidogo, mama.”

Baadaye binamu yangu alipiga *106# kuhakiki namba ya NIDA ya mama yake. Laini tatu, na shangazi ana moja tu! Zile “weka tena” zilikuwa zinasajili watu wengine kwa jina lake. Laini za namna hiyo ndizo hutuma meseji za “ile hela tuma kwenye namba hii”, na polisi wakifuatilia, mlango wa kwanza kugongwa ni wa mwenye dole. Tulimpeleka mjini zikafungwa. Meseji za matapeli sasa anazituma 15040, kwa TCRA.

Wakija wengine huwapa maji ya kunywa, lakini kitambulisho hakitoki kabatini. “Mwanangu, ofisi yenu naijua, nitakuja mwenyewe.” Wengi ni vijana waaminifu, nami nawaonea huruma. Wanalipwa kwa idadi ya laini wanazosajili, na aliyepanga malipo hayo hajawahi kupita Rau kwa miguu juani.