Cherehani za Desemba

Sanduku la mwethya, kikundi cha kina mama cha kazi za pamoja, kule kwetu Kalama lilikuwa na kufuli tatu, na funguo zilikaa kwa wanawake watatu wasiopatana. Wakimaliza kuchimba mitaro ya fanya juu, hesabu ilisomwa palepale shambani, majembe yangali na udongo. Aliyechanga shilingi alisikia imekwenda wapi.

Mwaka 1996 nikawa karani wa hesabu Nairobi, kwenye shirika dogo lililowasaidia wakimbizi kuanza maisha. Serikali iliwataka wakae kwenye kambi za Kakuma au Dadaab. Waliofika mjini, Wasomali, Waethiopia, Wanyarwanda, walihitaji chumba, kazi, na mtu wa kuwasemea kwa askari. Fedha zilitoka Ulaya kwa awamu. Ripoti isipokubaliwa, awamu ya pili haiji, na wenye nyumba hawangoji.

Wafadhili siwalaumu kwa kudai risiti. Mashirika yaliyoishi ndani ya mkoba wa mtu mmoja tuliyaona. Lakini mzee wa mkokoteni aliyetubebea magodoro kutoka soko la Gikomba hakuwa na kitabu cha risiti, basi nikampigisha kidole gumba kwenye vocha. Mkaguzi akazikataa vocha zile zote. Tangu hapo tukakodi pikapu ya kampuni yenye muhuri, kwa bei ya mikokoteni mitano, na mkaguzi akaridhika.

Kuna mama mmoja wa Kiethiopia simsahau. Alikuwa amemaliza mafunzo ya ushonaji. “Dada, kushona nimejua,” akaniambia. “Sasa naomba kibanda.” Katika bajeti, kifungu cha kodi ya pango kilikuwa kimekauka tangu Septemba, cha mafunzo kilikuwa bado kinene. Tuliandika barua kuomba ruhusa ya kuhamisha fedha. Jibu halikuja, na kila senti ambayo ingebaki tarehe 31 Desemba ilikuwa ya kurudishwa, na bajeti ya mwaka ujao ingepunguzwa kwa kiasi hicho. Tukafungua darasa jingine. Yule mama akaketi tena mbele ya cherehani, akifundishwa mshono ambao yeye mwenyewe alikuwa akiwaelekeza wenzake. Kwenye ripoti alihesabiwa wahitimu wawili. Niliyeandika ni mimi.

Krismasi nilishuka matatu pale Kola, nikapanda kilima hadi nyumbani. Jikoni nilimsimulia mama kazi yangu, vifungu, vocha na wakaguzi. Alinisikiliza huku akichochea moto.

“Na hao wakimbizi,” akauliza, “mnawasomea hesabu lini?”

Nikamwambia chai inapoa.