Spika Saba kwa Kanda Moja

Ndugu msomaji, ukitaka kujua ukweli wa chombo cha thamani kubwa, usimuulize mwenyewe katika wiki ya kwanza. Katika wiki ya kwanza zinazosema ni fedha zilizotoka mfukoni, na fedha hazikubali kwamba zimekosea njia. Mngojee mpaka masika yapite juu ya chombo hicho, umeme ukatike na kurudi mara kadhaa, na wenye nyumba wachoke kukionyesha kwa wageni. Hapo ndipo utakapoambiwa neno la haki.

Mimi nilingoja, na sasa nina la kusema. Chombo chenyewe kiliingia nyumbani kwetu Shumba mwishoni mwa mwaka 2019, pamoja na mdogo wangu aliyekuwa akifanya kazi Muscat tangu 2003. Kilishushwa bandarini Mkoani, kikapakiwa garini, kikapita Chake Chake na Konde, na kilipofika kwetu jua lilikuwa limekwisha kuzama. Vijana wawili walilibeba kasha kubwa huku wakihema. Ndani yake mlikuwa na mashine nyeusi, nzito, ile ambayo watu huiita risiva: sauti na picha za televisheni, za sahani za sinema na za redio huingia humo kwanza, nayo huzigawa, kila spika ikapewa fungu lake. Makasha mengine yalikuwa na spika saba na sabufa moja. Jina la kampuni iliyoitengeneza naliacha, maana hili si tangazo la biashara.

Bei yake ilikuwa riali 700 za Omani. Naitaja kwa sababu ndiyo iliyotugombanisha. Nyumba ya mama ilikuwa na bati lililoliwa na chumvi ya bahari, likivuja mahali patatu, na kwa mwaka mzima nilikuwa nikimwandikia mdogo wangu kuhusu bati hilo. Kila mara alinijibu nisubiri. Nilisubiri, na jawabu likaja katika makasha manane. Usiku ule nilimwambia neno ambalo hata sasa silipendi: nilimuuliza kama mvua ikinyesha mama ajifunike spika. Hakunijibu. Aliendelea kumenya waya kwa meno, kama mtu asiyesikia.

Fikra ya sauti kumzunguka msikilizaji si ya jana. Inasimuliwa kwamba Mwingereza mmoja, Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI, alikwenda sinema na mkewe akaudhika kuona mchezaji anatembea upande mmoja wa pazia hali sauti yake inatoka upande mwingine. Mwaka 1931 aliandikisha uvumbuzi wake wa kurekodi kwa njia mbili, kushoto na kulia, ili sauti ifuatane na mwendo wa mtu. Mwaka 1940 Walt Disney aliionyesha filamu ya Fantasia katika majumba machache yaliyotiwa spika nyingi, lakini gharama na vita vikaizuia njia hiyo isienee. Ilibidi kungoja miaka ya 1970 na kazi ya maabara ya Dolby ndipo majumba ya sinema ya kawaida yakaweza, na mwaka 1982 jambo hilo likaanza kuingia majumbani mwa watu. Sisi Shumba mwaka huo tulikuwa bado tunasomea kibatari. Mkonga wa umeme uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga ulianza kuihudumia Pemba mwaka 2010. Na bibi yangu, Mungu amrehemu, alizisikia sahani za Siti binti Saad, ambazo za kwanza zilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Sauti yote ilitoka katika mdomo mmoja wa santuri, wala hakulalamika kwamba zumari haliko nyuma ya kisogo chake.

Kabla ya kusikiliza, mashine hii hutaka kuijua nyumba. Huja na maikrofoni ndogo ambayo huwekwa mahali anapokaa msikilizaji, usawa wa masikio, kisha kila spika hutoa milio ya ajabu ajabu, na mashine hupima spika iko mbali kiasi gani na ukumbi unarudisha sauti namna gani. Katika muda huo watu wote hutakiwa wanyamaze. Watoto walinyamaza. Mama alinyamaza. Jogoo wa jirani hakunyamaza, na mara tatu mashine iliandika kwenye televisheni kwamba pana kelele, tuanze upya.

Ilipokwisha kupima, mdogo wangu aliweka sinema ya vita. Helikopta ilitoka mbele yetu, ikapita juu, ikaishia nyuma kwenye mlango wa jikoni, na watoto waligeuka wote kwa pamoja kuitazama. Nilikasirika, nami pia niligeuka. Lakini nyumba yetu ina kuta ngumu za matofali, sakafu ya saruji, na juu bati tupu bila dari, na nyumba ya namna hiyo hairuhusu sauti ife. Neno likisemwa hugonga ukuta likarudi, likakutana na neno la pili njiani. Tulitandika mikeka, tukatundika pazia zito, tukaegemeza godoro ukuta wa nyuma. Pakawa na nafuu. Fundi wa Wete aliyepita kututazama alisema kwamba dari ingefanya zaidi ya mikeka yote ile. Nilimtazama mdogo wangu. Yeye alitazama waya.

Dada yetu naye alileta kisa chake. Kwetu redio hufunikwa kitambaa cha kufuma. Redio isiyofunikwa ni kama meza isiyofutwa. Akaifunika mashine vizuri, kitambaa cheupe chenye maua. Saa moja baadaye ilizimika yenyewe katikati ya taarifa ya habari. Matundu yale ya juu ndiyo pua yake; huko ndiko joto linakotokea, na joto la chombo kinachoendesha spika saba katika ukumbi wa Pemba si dogo. Sasa kitambaa kimewekwa chini yake, na dada hajaridhika.

Nikiwa bado na hasira nilitafuta watu wengine wenye vyombo vya namna hii, nikitumaini, nikiri kweli, kusikia lawama. Wa kwanza ni mwenye duka mmoja wa Wete. Yeye hutazama mpira tu, na huapa kwamba hauzi chake kwa bei yoyote, kwa kuwa uwanja mzima humzunguka. Nilipomuuliza kuhusu sinema alisema hajawahi kuweka hata moja. Basi amenunua kelele za washangiliaji, na zinamfurahisha, nami sina la kumwambia.

Wa pili, wa Konde, alikilaani. Alikuwa amesoma kwenye kasha idadi ya wati akaona zinatosha harusi. Akakitoa uani, akaunga spika nne kubwa katika njia mbili, mbili mbili kwa pamoja, na kabla bibi harusi hajafika chombo kilikuwa kinatoa harufu. Ukweli ni kwamba wati zinazoandikwa kwenye kasha aghalabu hupimwa spika mbili tu zikiwa kazini, si zote. Tena spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huwa kama moja ya omu 4, nazo huivuta mashine umeme mwingi kuliko kilivyotengenezwa kisambaza sauti chake. Chombo cha ukumbini kilipelekwa kufanya kazi ya uwanjani. Lakini mwenyewe atakwambia ni kibovu, na ukimsikiliza yeye peke yake hutanunua.

Sasa nije kwa mama, maana ndiye aliyenigeuza maoni.

Mama alikuwa na miaka 77 wakati huo. Siku za mwanzo alikaa nasi ukumbini kwa adabu, kisha akaanza kuondoka mapema. Mdogo wangu akadhani hasikii, akaongeza sauti; mama akaondoka mapema zaidi. Nilimfuata chumbani nikamuuliza. Akasema, "Mwanangu, mnanipigia ngoma. Ngoma naisikia. Mtu anayesema simsikii."

Neno hilo lilinikalia kichwani usiku kucha. Mimi ni mwalimu, na nilikumbuka kwamba mzee anapopoteza masikio hupoteza kwanza sauti nyembamba, na katika sauti nyembamba ndimo zilimo herufi kama s, f na t, ambazo hutenganisha neno na neno. Ukimwongezea sauti yote, unamwongezea mngurumo unaozifunika herufi hizo. Hivyo asubuhi nilikifungua kitabu cha maelezo. Nilikuta kwamba katika spika zile saba, moja, iliyo katikati chini ya televisheni, ndiyo hubeba maneno ya wasemaji karibu yote, na kwamba mtu anaweza kuiongezea hiyo peke yake. Niliipandisha desibeli nne, nikaipunguza sabufa, nikazinyamazisha kabisa za nyuma. Jioni mama alisikiliza taarifa ya habari tangu mwanzo hata mwisho, kisha akaanza kubishana na msomaji wa habari. Sikupata kumwona akibishana na televisheni kwa miaka miwili.

Siku ya tatu baada ya hapo alitoka chumbani na kijaluba chake cha bati. Ndani yake mlikuwa na kanda ya kaseti.

Yafaa nieleze. Baba yetu alikwenda Muscat mwaka 1980 kutafuta riziki, na kwa kuwa mama hakusoma barua, baba alizungumza kwenye kanda akazituma kwa mkono wa wasafiri. Alituma na redio ya kaseti ya kuzichezea. Alifariki huko mwaka 1991. Kanda nyingine zililiwa na ukungu. Iliyobaki ni hii moja, ya mwaka 1985, na redio ile ilikwisha kuwa hoi kiasi kwamba sauti ya baba ilikuwa kama mtu aliye ndani ya pipa. Mama aliuliza kama chombo cha riali 700 kinaweza kumsemesha baba.

Mdogo wangu alifanya kazi ile kwa mkono mwepesi ambao sikujua kuwa anao. Alisafisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, akaikaza kanda kwa penseli, kisha akapitisha waya kutoka tundu la kusikilizia la redio hadi nyuma ya mashine, kwenye matundu mekundu na meupe. Akabonyeza.

Kwanza ulitoka mvumo. Kisha baba akasalimu. Kanda ile ilirekodiwa kwa maikrofoni moja, kushoto na kulia ni sauti ile ile, na mashine ikikuta sauti mbili zisizotofautiana huzipeleka zote mahali pamoja, spika ya katikati. Sita nyingine hazikuwa na kazi. Baba alisema kutoka chini ya televisheni, usawa wa goti, kama mtu aliyekaa mkekani. Alimtaja ng'ombe aliyekaribia kuzaa, akataja deni la dukani na mpaka wa minazi ambao mimi niliusahau. Mama aliitikia kila neno: naam, naam, nimelipa, naam. Alikuwa anasikia hata pumzi.

Upande ulipokwisha akasema, "Geuza."

Mdogo wangu hakugeuza. Nilifikiri amezidiwa. Mama akarudia, naye akageuza, mkono ukimtetemeka, akabonyeza. Ikatoka sauti ya mtoto: moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu. Kisha matangazo ya mpira ya redioni, watu wakishangilia, yamepasuka pasuka. Mwaka 1987 mdogo wangu alikuwa na miaka 10. Alitaka kujaribu kitufe chekundu, akachukua kanda iliyokuwa karibu.

"Nalijua tangu mwaka ule," alisema mama. "Nilikusikia ukilia nyuma ya kisima."

Alikaa kimya kitambo, kisha akauliza, kwa sauti ya kitoto ile ile: "Alikuwa amesema nini, mama?"

"Alisema habari ya nyumba. Kwamba tutakapoezeka tutafute bati nene, lile jembamba haliwezi chumvi ya hapa. Na kwamba anakupenda wewe uliye mdogo, usimsumbue kaka yako. Rejesha upande wa kwanza, bado sijamsikia vizuri habari ya ng'ombe."

Alirejesha. Asubuhi yake alinijia na kamba ya kupimia paa. Riali za bati zilikuja kwa mafungu matano, na nyumba ikaezekwa mwaka 2020 kwa bati nene, na dari chini yake. Dari ilipomalizika niliitoa tena maikrofoni ile katika kasha lake nikapima ukumbi upya. Safari hii mashine ilikubali mara ya kwanza, kwa kuwa yule jogoo jirani alikwisha kumchinja sikukuu, na sisi tulialikwa.