Dominica: Kimbunga kilipita, mgeni akabaki!

Ukisikia Dominica usikimbilie kufikiria Jamhuri ya Dominika, ile ya watu wanaozungumza Kihispania. Hii ni nchi nyingine kabisa! Ni kisiwa cha Karibiani kilichokaa katikati ya Guadeloupe na Martinique, kina kilometa za mraba 750 tu, yaani hakifikii hata nusu ya Unguja. Wakazi wake ni kama 70,000 na wanazungumza Kiingereza na Kikrioli chao. Wenyeji wa asili, Wakalinago, walikiita Waitukubuli, maana yake mwili wake ni mrefu. Na kweli, milima imechomoza wima kutoka baharini, imefunikwa na msitu mpaka kileleni.

Kwa sisi wa Pwani hapa si ugenini sana. Sokoni Roseau, mji mkuu, nilikuta shelisheli, magimbi, ndizi mbichi na nazi, nikajiona kama niko Tanga vile! Watu wanasalimia njiani, hata wasiokujua. Kama wewe na mwenzio mnapenda kutembea kwa miguu, kuna Hifadhi ya Morne Trois Pitons, ambayo mwaka 1997 iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Ndani yake kuna ziwa linalochemka kama sufuria jikoni. Kulifikia ni shughuli ya siku nzima, tena matope usiombe!

Lakini mpenzi msomaji, kilichonigusa zaidi si ziwa wala maporomoko. Ni habari ya mjusi.

Usiku wa Septemba 18, 2017, kimbunga Maria kilitua Dominica kikiwa kwenye daraja la 5, la juu kabisa. Upepo ulizidi kilometa 250 kwa saa. Watu 65 walikufa au hawakuonekana tena. Nyumba nyingi mno zilibaki bila paa. Msitu nao ulivuliwa majani, na milima iliyolala ya kijani ikaamka ya kahawia.

Misaada ikaanza kumiminika. Meli zikaleta chakula, mbao, mabati, makontena kwa makontena. Na wewe fikiria, watu wamelala nje, nani angesimama bandarini kuchungulia kila boriti? Wataalamu wanaamini kuwa humo ndimo alimopita iguana wa kijani, mjusi mkubwa wa Amerika ya Kati na Kusini, mwenye miiba mgongoni na ukubwa wa kushindana na kenge wetu. Mwaka 2018 akaanza kuonekana maeneo ya Portsmouth, kaskazini mwa kisiwa.

Utauliza, mjusi mmoja zaidi ana ubaya gani? Tatizo ni kwamba Dominica ina iguana wake wa asili, anayeishi visiwa vichache vya upande huo wa Karibiani na si penginepo duniani. Antigua, Barbuda, St Kitts na Nevis alishatoweka. Dominica ilikuwa moja ya ngome zake kubwa, na yupo kwenye daraja la wanyama walio hatarini zaidi kutoweka.

Sasa hapa ndipo mambo ya mapenzi yanapoingia, maana najua wasomaji wa gazeti hili hamkosi sikio! Mgeni hagombani na mwenyeji, anamchumbia. Wanapandana, wanazaa, na watoto wao nao wanazaa. Kwa binadamu ndoa ya mgeni na mwenyeji ni baraka. Kwa hawa mijusi kila kizazi kinamfuta mwenyeji kidogo kidogo, mpaka siku moja unakuta hakuna tena wa asili halisi. Isitoshe, mgeni anataga mayai mengi zaidi, pengine zaidi ya 50 kwa mkupuo. Mambo haya yalishatokea Guadeloupe na Martinique.

Tena vimbunga havisubiri meli. Mwaka 1995, baada ya vimbunga Luis na Marilyn, iguana wa kijani wasiopungua 15 walifika kisiwa cha Anguilla wakielea juu ya miti iliyong'olewa! Huko hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba iguana wa asili waliobaki ilibidi wakamatwe na kuhamishiwa kisiwa kidogo cha jirani, Prickly Pear, wakaishi peke yao.

Dominica hawajakubali yaishie hivyo. Watu wa idara ya misitu na wenzao wa uhifadhi wanamsaka mgeni, na wananchi wanaombwa kutoa taarifa wakimwona. Aliyenitembeza alinifundisha kuwatofautisha. Rangi isikudanganye, kwani hata wa asili akiwa mtoto ni wa kijani. Tazama shavuni: mgeni ana gamba kubwa la duara chini ya sikio, na mkia wake una pete nyeusi. Mwenyeji hana vyote viwili.

Kwetu Pwani tunalijua somo hili. Kunguru walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 bado wanatusumbua mpaka leo, maana mgeni wa namna hii akishazaliana kumtoa ni kazi ya vizazi. Akiwahiwa angali wachache, kuna matumaini.

Ukitaka kwenda, hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu, utaunganisha Ulaya au Marekani, na pengine visiwa vya jirani kama Antigua au Barbados. Epuka Juni hadi Novemba, ndio msimu wa vimbunga. Beba viatu vya matope na koti la mvua. Ukikodi gari endesha taratibu barabara za pwani, kwani iguana jike hushuka huko kutafuta udongo laini wa kutagia, na wengi hugongwa. Ukimwona mmoja amejianika kwenye jiwe, simamisha gari, mtazame shavuni. Kama hana lile gamba, mpige picha umwache aendelee kuota jua lake.