Saa Moja na Nusu

Ukiuliza kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni mbali kiasi gani, utajibiwa kulingana na mfuko wako. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100: Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga, ndipo uyaone mawe ya Mwanza. Ndege haina habari na kona hizo. Kutoka Uwanja wa Julius Nyerere hadi ule wa Mwanza inakata kilomita 850 hivi, na haizidi sana saa moja na nusu.

Hesabu hiyo nilikuwa naijua mwaka 2014, Baba alipofariki.

Simu ilikuja saa mbili usiku. Baba mdogo akasema, "Mwanangu, mzee ametutoka. Mazishi kesho. Jitahidi." Nikamjibu sina nauli ya ndege, nitakuja na basi la alfajiri. Washikaji pale geto wakaniamini, maana wote walijua nimechacha. Wasichojua ni kwamba chini ya godoro kulikuwa na bahasha. Miezi kumi na moja nilikuwa nadunduliza ili nichapishe diwani yangu ya mashairi. Nauli ya ndege ingemeza zaidi ya nusu. Usiku ule niliitoa, nikazihesabu noti, nikairudisha. Nikajisemea: Baba mwenyewe alipenda niandike, ataelewa.

Saa kumi na mbili asubuhi basi likaondoka Ubungo. Alasiri, tukikaribia Singida, simu ikalia tena. Walikuwa wameshamzika. Nilifika Mwanza saa tano usiku, nikaonyeshwa kaburi kwa tochi.

Mwaka jana ndio nikapanda ndege kwa mara ya kwanza, namwendea Mama. Njia nzima macho yangu yalikuwa kwenye saa. Vinywaji vilipoletwa, dakika 40. Ziwa lilipoonekana, saa moja na robo. Basi nikapiga hesabu: siku ile ningepanda ndege ya asubuhi, ningefika hata Baba hajaoshwa.

Nyumbani Mama akanipokea mkoba.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Mmekaa muda gani huko angani?"

"Saa moja na nusu tu."

Akanyamaza. Kisha akasema polepole, "Siku ile ilikuwa tumzike adhuhuri. Baba yako mdogo ndiye aliyeomba tungoje mpaka alasiri, labda utatokea."

Habari ya bahasha sikumwambia. Naisema hapa kwa mara ya kwanza. Diwani ilichapwa, nakala mia mbili, na nyingi bado zimo kwenye boksi chini ya kitanda. Ukiifungua, ukurasa wa kwanza kabisa kuna maneno mawili tu: Kwa Baba.