Deni ni deni, lakini mashini ya kushona ilipaswa kubaki nyumbani

Wandugu wa Uvira, na ninyi mnaotufuata mkiwa ng'ambo ya Rusizi, leo siwaletei habari ya mtu mwingine. Ni yangu.

Januari 2025 mke wangu alikopa dola 200 kwa banki lambert, mmoja wa wakopeshaji wa kartie yetu, anunue ndagala Kalundu na kuzipeleka Bukavu. Februari Bukavu ikaanguka. Tukavuka Kavimvira kuingia Burundi na watoto na godoro moja. Tuliporudi, magunia ya ndagala hayakuwepo. Deni lilikuwepo, tena lilikuwa limezaa.

Siku moja asubuhi mkopeshaji akaja na watu wawili wenye sare za polisi. Akasema: "Baba, utalipa leo ao utalala kasho." Wakachukua mashini ya kushona, ile mke wangu anayoshonea sare za wanafunzi. Mimi mwenyewe niliwafungulia mlango. Mimi ninayesema haki za watu redioni kila wiki, nilinyamaza ili majirani wasisikie. Ni aibu iliyotoa mashini nyumbani, si sheria.

Baadaye nilimwendea mwanasheria. Alinieleza hivi. Kushindwa kulipa mkopo si kosa la kufungwa: Congo ilijiunga na mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa mwaka 1976, na kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kulipa alichoahidi. Mkopeshaji hawezi kujichukulia mali. Anahitaji hukumu, kisha mjumbe wa mahakama atoe onyo la maandishi kwanza. Hata huyo mjumbe hagusi kila kitu: kitanda cha familia, nguo za kuvaa, chakula cha nyumbani na vyombo vya kazi vinalindwa. Mfanyabiashara aliyeanguka kabisa anaweza pia kwenda tribinali kueleza hali yake, kwa sheria za OHADA ambazo nchi yetu iliingia 2012. Lakini kitu ulichokiweka rehani kwa sahihi yako, hiyo ni habari nyingine.

Sikwenda tribinali. Nilimwendea mkopeshaji pamoja na mkuu wa kartie, nikamwambia: "Yaya, deni nalikubali. Lakini bila mashini, pesa za kukulipa zitatoka wapi?" Alikataa mara mbili. Mara ya tatu tuliandika karatasi: dola 240 zote, dola 20 kila mwezi, sahihi za wote. Mashini ikarudi, mkanda umekatika. Leo zimebaki dola 60.

Kwenu mliokimbia na madeni mgongoni, nawaomba mambo matatu. Usimkimbie anayekudai, nenda ukaseme hali yako kabla hajaja. Kila unacholipa, hata franka 5000, dai karatasi. Na akija mtu kubeba vitu, muulize mbele ya majirani: "Hukumu iko wapi?" Uliza kwa heshima, lakini uliza kwa sauti. Mimi sikuuliza, na kwa miezi miwili mke wangu alishona kwa mkono.

Mwenye swali aje redioni. Tutamtafuta mwanasheria ajibu hewani, bila kutaja jina la mtu.