Doa la rangi katika televisheni ya zamani

Televisheni zinazouzwa leo ni nyembamba kama ubao, na mtoto aweza kuibeba moja peke yake. Lakini tukipita katika nyumba za mitaa yetu tunakuta bado zile za zamani, nzito, zenye mgongo mkubwa nyuma. Nyingi zilitumika kwanza Ulaya, kisha zikapanda meli na malori mpaka kufika kwetu Bukavu. Tusizicheke. Picha yao ni nzuri, na mtu aliyenunua moja kwa jasho lake hana haraka ya kuitupa.

Leo twataka kusema juu ya ugonjwa wao mmoja, kwa maana tumeona watu wakipoteza fedha nyingi kwa ajili yake, na sisi wenyewe tulikaribia kupoteza zaidi ya fedha.

Ugonjwa huo ni doa la rangi. Katikati ya kioo picha ni safi, lakini pembeni uso wa mtu unakuwa kijani, na shati jeupe linakuwa zambarau. Doa halihami. Mtu akitembea katika picha anaingia ndani yake, anageuka rangi, kisha anatoka mzima upande wa pili. Ukibadili stesheni, doa liko. Ukiweka kaseti, doa liko pale pale. Hapo watu husema: chupa imeungua! Wengine wanamtafuta jirani mwenye jicho baya. Kumbe mara nyingi mwenye kosa ni sumaku, na sumaku hiyo imo ndani ya bafle, lile sanduku la sauti ambalo vijana wanapenda kuliweka karibu na televisheni ili muziki usikike vizuri.

Pengine mtauliza: sumaku inawezaje kupaka rangi juu ya kioo bila kukigusa?

Hebu tuone. Ile chupa kubwa ya kioo, ambayo uso wake ndio tunaoutazama, haina hewa ndani. Nyuma, katika shingo yake, kuna mitambo midogo mitatu inayotupa mbele chembe za umeme. Mmoja ni wa nyekundu, mmoja wa kijani, mmoja wa buluu. Mbele, upande wa ndani wa kioo, kumepakwa vitone vidogo sana vya dawa inayong’aa, navyo ni vya rangi hizo tatu. Kati ya mitambo na vitone kuna bati la chuma, jembamba kuliko ukucha, lenye matundu mamia ya maelfu. Kazi ya bati ni kuchuja njia: chembe za mtambo wa nyekundu zikipita katika tundu ziangukie kitone chekundu tu, za kijani ziangukie kijani tu. Kampuni ya RCA ya Marekani ilionyesha chupa ya namna hiyo mwaka 1950, na tangu mwaka 1954 iliuza televisheni zake kwa watu wote.

Sasa, chembe za umeme zikipita karibu na sumaku zinapinda njia. Zikipinda kidogo tu, chembe za nyekundu zinaangukia kitone cha kijani, na uso wa mtu unageuka. Tena kuna jambo baya zaidi. Lile bati ni chuma. Chuma kikikaa karibu na sumaku nacho kinakuwa sumaku. Ukiondoa bafle, doa linabaki, kwa sababu bati limeshika nguvu ya sumaku na halitaki kuiachilia.

Televisheni za nyeusi na nyeupe hazikuwa na bati hilo. Mwaka 1965, msanii mmoja mzaliwa wa Korea, jina lake Nam June Paik, aliweka sumaku kubwa juu ya televisheni ya nyeusi na nyeupe kule Marekani, akaifanya picha ijikunje kama kitambaa katika upepo, na watu wakaja kutazama. Akisogeza sumaku, picha inajikunja namna nyingine. Sisi hatukuwa na hamu ya sanaa hiyo nyumbani kwetu.

Nyumbani kwa mama yetu kuna televisheni ya namna hii, na mashini ya kaseti chini yake. Kuna kaseti moja ambayo yeye haiazimishi kwa mtu: ni arusi ya dada yetu mkubwa, mwaka 1991. Ndani yake baba yetu anacheza. Si mchezo mkubwa. Anainuka kwenye kiti, anazungusha mikono mara mbili tatu, anacheka, anaketi. Alifariki mwaka 1993. Picha za karatasi tunazo, lakini katika hizo zote amesimama wima kama askari, hacheki hata kidogo. Kila mwaka, siku ya kufa kwake, tunakusanyika kwa mama na kuitazama kaseti ile.

Mwaka 2022, zikiwa zimebaki siku kumi na mbili, mjukuu mmoja alileta bafle kubwa na kuliegemeza ubavuni mwa televisheni wiki nzima. Doa likatokea upande wa kushoto, juu. Na upande wa kushoto, juu, ndipo baba anapoketi katika arusi ile. Mama alijaribu kaseti, akaona uso wa mume wake umekuwa kijani kama wa mtu aliyezama majini. Akazima. Akasema, “Sitaki tena. Iacheni.”

Tuliita fundi. Alitazama kidogo, akasema, “Mama, pole, chupa hii imekufa. Nitafute nyingine?” Bei aliyoitaja ilitosha kununua mbuzi wawili. Hatusemi alitaka kutudanganya. Wako mafundi wa leo ambao hawakujifunza mashini hizi. Lakini mtu asilipe mbuzi wawili kabla ya kuuliza mzee.

Tukamwendea mzee mmoja aliyetengeneza radio na televisheni maisha yake yote. Alituuliza maneno mawili tu: “Bafle lilikuwa wapi? Mnazimaje televisheni yenu?” Tukajibu, kwa telekomande. Akacheka. “Wanangu, hiyo si kuzima, hiyo ni kuilaza usingizi. Zimeni kwa kifungo chake kikubwa, ngojeni nusu saa, kisha washeni. Fanyeni hivyo mara tatu nne, halafu mniite.”

Maana ya neno lake ni hii. Ndani ya televisheni ya rangi, kuizunguka chupa, kuna waya wa shaba uliowekwa kwa kazi ya kuliondolea bati usumaku. Ukiwasha televisheni iliyopoa, umeme mkali unapita katika waya huo kwa muda mfupi, ndiyo ile sauti ya “dum!” mnayoisikia. Umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Unalivuta bati huku, unalivuta kule, na kila mara nguvu inapungua mpaka kwisha. Mama akitaka mchele ulale sawa katika ungo hufanya vilevile: anatikisa kwa nguvu, kisha polepole, kisha polepole zaidi. Akiacha ghafula, mchele unarundikana upande mmoja.

Kinachopunguza nguvu hiyo ni kipande kidogo ambacho kikipata moto kinaufungia umeme mlango. Ndiyo maana sharti kipoe kwanza. Ukizima na kuwasha papo hapo, hakuna kinachofanyika. Na katika televisheni nyingi, ukizima kwa telekomande kipande hicho hakipoi kabisa. (Mtaani kwetu umeme ukikatika kwa saa nne, angalau kazi hii unaifanya bila kuombwa.)

Tulifanya alivyosema. Mara ya kwanza doa lilipungua, mara ya pili pia, mara ya nne halikusogea tena. Lilibaki kama kiganja cha mkono, na uso wa baba ulikuwa bado ndani yake.

Mzee akaja siku ya Jumamosi na mfuko. Ndani yake mlikuwa na mduara wa waya wa shaba, mwembamba, mpana kama ungo, umefungwa utepe mweusi, wenye kifungo cha kuwashia. Akauona mtambo wa kaseti chini ya televisheni, akasimama.

“Kaseti iko wapi?”

“Imo ndani ya mashini, baba,” mama akajibu.

“Itoe, mama. Ipeleke mbali. Ipeleke kwa jirani!”

Hapo ndipo tulipofahamu. Utepe wa kaseti nao umepakwa unga wa chuma, na picha zilizo ndani yake zimeandikwa kwa usumaku, zaidi ya hapo hakuna kitu. Mduara ule haujui doa ni lipi na baba yetu ni yupi. Ungefuta vyote viwili. Mama aliifunga kaseti katika kitenge, akavuka njia nayo mwenyewe, wala hakukubali kuiachia mikono ya mtu.

Mzee aliwasha televisheni, akasimama mita mbili hivi mbele yake, ndipo akabonyeza kifungo. Akakaribia. Rangi zote zilianza kuchafuka na kucheza kama mafuta juu ya maji, na watoto wakapiga kelele. Akauzungusha mduara mbele ya kioo, polepole, kuanzia katikati mpaka pembeni, kama mtu anayepangusa dirisha. Kisha akarudi nyuma hatua kwa hatua, akiendelea kuzungusha, mpaka akafika tena mita mbili. Akaugeuza mduara ubavu, ndipo akaachilia kifungo. “Ukizima karibu na kioo,” alisema, “unaacha doa kubwa kuliko la kwanza.” Kazi yote haikufika dakika moja. Doa halikuwako. Hakufungua hata skrubu moja, na malipo aliyoyakubali ni chupa mbili za bia.

Aliturudishia maonyo, nasi twawapa ninyi. Msijaribu kuondoa doa kwa sumaku nyingine. Wako vijana wanaofanya hivyo, nao wanaliharibu bati zaidi. Na msifungue mgongo wa televisheni. Umeme unaosukuma zile chembe wafika volti 20,000 na zaidi, na chupa huweza kuushika hata baada ya waya kuchomolewa ukutani.

Tena, mkihamisha televisheni kubwa au kuigeuza itazame upande mwingine, msishangae rangi zikibadilika kidogo pembeni. Dunia yenyewe ni sumaku. Kule Ulaya ya kaskazini nguvu yake huelekea chini ardhini, huku kwetu huelekea juu kidogo, na televisheni iliyopangwa kwa ajili ya huko yaweza kuona tofauti. Zimeni, ngojeni ipoe, washeni. Mara nyingi yatosha.

Wenye televisheni nyembamba wasisumbuke. Zao hazina chupa wala bati, na sumaku ya bafle haiwezi kuzipaka doa la namna hii. Wakiona doa huko, watafute sababu nyingine.

Bafle la mjukuu sasa liko karibu na dirisha, mita moja na nusu kutoka televisheni, na mama ameweka alama ya chaki sakafuni ambayo halipaswi kuivuka.