Goma: si kila mwenye njaa ni mwizi, na si kila mwizi ana njaa

GOMA, Kivu ya Kaskazini. – Katika kata za magharibi ya mji wa Goma, kwenye njia inayoelekea Sake, kuna neno linalosemwa haraka kila asubuhi kufuli la butiki linapokutwa limevunjwa: "Ni wakimbizi." Linasemwa kabla mtu hajauliza nani alionekana usiku, kabla mkuu wa nyumba kumi hajafika, kabla hata mwenye butiki hajahesabu kilichopotea.

Mama mmoja wa kata ya Lac Vert amelisikia neno hilo mara nyingi mbele ya mlango wake. Anauza unga wa muhogo, maharagi, chumvi, sabuni, mafuta ya kupima kwa kopo na makala. Pembeni ana kabine ndogo ya kutuma na kutoa feza kwa simu. Wateja wanamwita Mama Butiki, na jina hilo linamtosha. Kwa muda wa mwaka mmoja ameibiwa mara tatu, na ana kaye ambamo anaandika kila kitu: kilichoingia, kilichotoka, kilichokopwa, na sasa pia kilichoibiwa. Kaye hiyo haikubaliani na neno la watu.

Ukifungua kurasa za mwaka 2024, biashara yake inaonekana ilikuwa na aina tatu za wateja. Wa kwanza walikuwa walimu, wauguzi na watumishi wengine wa serikali. Tangu serikali ilipoanza mwaka 2011 kulipa watumishi wake kwa njia ya banki, hao walikopa katikati ya mwezi na kulipa mshahara ulipotoka. Wa pili walikuwa watu wa kambi ya Bulengo, waliokimbia vita Masisi na Rutshuru. Wengine walipewa feza na mashirika, wengine walipewa chakula, wakauza sehemu ya mafuta ili wapate chumvi na sabuni. Wa tatu walikuwa wanaoishi kwa hao wawili: wabeba mizigo, wasukuma chukudu, mafundi wa viatu, wauza makala.

Hapo ndipo Mama Butiki alipoelewa jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia. Alifikiri analipwa na majirani zake. Kumbe sehemu kubwa ya feza iliyokuwa katika sanduku lake ilitoka mbali: upande mmoja kwenye bajeti ya Kinshasa, upande mwingine kwenye misaada ya nchi za nje. Majirani walikuwa mikono tu iliyoifikisha.

Kisha mito hiyo miwili ikakauka karibu wakati mmoja. Tarehe 20 mwezi wa kwanza 2025, rais mpya wa Marekani alisimamisha misaada ya nchi yake ulimwenguni. Mwaka uliotangulia, Marekani peke yake ilitoa karibu sehemu saba kati ya kumi za feza za misaada ya dharura katika Kongo. Siku saba baadaye, tarehe 27, waasi wa AFC/M23 waliingia Goma. Banki zikafunga milango. Uwanja wa ndege ukafungwa. Magala ya chakula ya mashirika yakaporwa katika vurugu za siku zile. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Bukavu: huko Shirika la Chakula Ulimwenguni, PAM, lilitangaza kwamba karibu tani 7,000 za chakula zimeporwa. Na mwezi huohuo wa pili, watu wa Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya walipewa siku chache za kuondoka, na kambi zikavunjwa.

Wengi walirudi kwenye mashamba yao. Lakini si wote waliokuwa na pa kurudi. Kuna waliokuta nyumba imechomwa, kuna waliokuta mtu mwingine analima, kuna wajane walioogopa njia. Hao walibaki katika familia za Goma, watu kumi na wawili katika vyumba viwili, au walikodi kibanda cha mbao. Hawaitwi tena watu wa kambi, kwa sababu kambi haiko. Na kwa sababu kambi haiko, orodha ya kugawa chakula pia haiko.

Hesabu moja inaeleza mengi. Mpango wa misaada kwa Kongo wa mwaka 2025 uliomba dola bilioni 2.54 ili kusaidia watu milioni 11. Ukigawanya, ni karibu dola 231 kwa mtu kwa mwaka mzima, ni kusema senti 63 kwa siku, chakula, dawa, maji na hema vikiwa pamoja. Hizo ndizo zilizoombwa. Zilizopatikana ni sehemu ndogo tu. Anayesema kwamba wakimbizi wanakula bure ajaribu kulisha mtu mmoja Goma kwa senti 63.

Basi wizi ukaja. Lakini katika kaye ya Mama Butiki umeandikwa kwa namna mbili, na yeye hachanganyi.

Namna ya kwanza ni vitu vidogo vya mchana. Kipande cha sabuni. Kopo la unga. Mkono wa mtoto unaopita chini ya meza wakati mama anahesabu chenji. Namna ya pili ni ya usiku: watu wenye silaha, wanaojua simu ya kabine inawekwa wapi, wanaojua ni siku gani mwenye butiki alikusanya feza za likirimba. Hao hawachukui unga. Unga ni mzito na bei yake ni ndogo. Wanachukua feza na simu, na mara nyingine roho ya mtu.

Namna hiyo ya pili ina sababu zake, na njaa ya wakimbizi si ya kwanza. Siku mji ulipoanguka, gereza la Munzenze lilifunguka na maelfu ya wafungwa wakatoka. Askari waliokimbia waliacha silaha, na si zote zilizookotwa na wenye haki ya kuzishika. Halafu, kwa kuwa banki zimefungwa, feza zilizokuwa zinalala nyuma ya milango ya chuma zilihamia chini ya godoro, ndani ya gunia la maharagi, katika mfuko wa kikwembe. Zamani mwizi alihitaji kuvunja banki. Leo anahitaji tu kujua nani jirani yake ana kabine. Mtumishi aliyepokea mshahara wake kwa simu, au aliyevuka mpaka hadi Gisenyi kuutafuta, anarudi nyumbani na noti zote mwilini. Kila mtu amekuwa banki, na hakuna hata mmoja mwenye mlinzi.

Tofauti hiyo ni ya lazima kwa sababu moja ya kutisha: mwizi wa sabuni anakamatwa, mwizi wa bunduki hakamatwi. Hasira ya watu walioibiwa na mwenye bunduki inamwangukia mtoto mwenye sabuni.

Ilitokea mbele ya butiki hiyo. Kijana wa miaka kama kumi na tatu alishikwa na kopo mbili za unga ndani ya shati. Kwa dakika chache tu watu walikuwa wengi. Mmoja alikuwa tayari ameenda kutafuta tairi. Mama Butiki alimvuta kijana ndani, akafunga mlango wa chuma, akasimama nje yeye mwenyewe.

"Unga ni wangu," akawaambia. "Hakuna aliyeibiwa hapa isipokuwa mimi. Mwenye kuibiwa ndiye anasema."

Walimtukana. Kuna aliyemwambia kwamba ndiye anayelea wezi. Lakini mzee wa nyumba kumi alifika, akawauliza wenye kelele kama kuna hata mmoja wao aliyekuja usiku ule watu wenye silaha walipopiga mlango huohuo. Hakuna aliyejibu. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Mama ya kijana aliitwa. Alikuwa ametoka Masisi, amekaa Bulengo zaidi ya mwaka, na sasa analala kwa ndugu wa marehemu mume wake. Alipiga magoti. "Yaya, nisamehe. Jana hatukuwasha moto."

"Simama, mdogo wangu. Unga utalipwa. Kesho uje uchague maharagi."

Alikuja siku tatu, akachagua mawe na punje zilizooza kutoka gunia mbili. Deni likafutwa katika kaye. Siku ya nne alikuja tena, akalipwa. Kijana hakuibiwa sifa yake yote, ingawa watoto wa mtaa walimwita Kopo Mbili kwa muda.

Si kwamba Mama Butiki ana moyo wa mtakatifu. Anasema wazi kwamba hawezi kukopesha kila mtu. Akifanya hivyo, butiki itakufa na wanaokopa watakufa njaa pamoja naye. Kila wizi una bei. Kufuli jipya, mlango wa chuma, mlinzi wa usiku anayechangiwa na wenye butiki nane: hayo yote yanaingia katika bei ya kopo la unga. Kwa hiyo mkimbizi ambaye hajawahi kuiba analipa, kila anaponunua, gharama ya wizi uliofanywa na mwenye bunduki. Analipa pia kwa jina baya. Analipa mara mbili.

Na swali la nani anatakiwa kulipa ulinzi linabaki pale pale. Wanaoongoza mji leo wanakusanya kodi sokoni. Huko Kinshasa, mwezi wa tatu 2025, serikali iliamua kuzidisha mara mbili mishahara ya askari na polisi. Feza za kulinda raia zinatajwa pande zote mbili za vita. Lakini usiku, katika avenyu isiyo na taa, mlinzi ni mzee mwenye filimbi, na anayemlipa ni muuza chumvi. Serikali yoyote, ya zamani au ya leo, inapimwa na jambo hilo kabla ya hotuba zake.

Wakati wakubwa wanazungumza, wakaaji wa avenyu hiyo wamefanya mambo machache ambayo yanafaa kujulikana na wengine. Kabine zinafungwa mapema, kabla giza kuingia. Likirimba haihesabiwi tena mahali pamoja siku moja inayojulikana na wote. Anayepokea zamu anapokea mchana, mbele ya watu wawili tu. Filimbi moja ikilia, kila nyumba inapiga sufuria, ili wenye silaha wajue kwamba avenyu nzima imeamka. Aliyeshikwa mchana anapelekwa kwa mzee wa nyumba kumi, na kuua mshukiwa kunaitwa kwa jina lake, kuua.

Jambo la mwisho ndilo lililokataliwa na wengi mwanzoni: wanaume watatu waliohama makwao waliingizwa katika zamu ya usiku. Waliosema "mnaweka mbwa mwitu alinde mbuzi" walikuwa wengi. Lakini wanaume hao ndio wanaojua nani mgeni wa kweli na nani amejifanya mgeni, kwa maana wanajua nani alitoka kijiji gani. Na mtu aliyesimama usiku kucha kulinda butiki haitwi mwizi kwa urahisi asubuhi.

Wakaaji wa Goma si wageni wa njia hii. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji. Mwaka 2021, mlima ulipolipuka tena tarehe 22 mwezi wa tano, watu kwa mamia ya maelfu walikimbilia Sake, Minova, Rutshuru na Rwanda, magodoro kichwani. Huko Sake walilala makanisani, mashuleni na katika nyumba za watu wasiowajua. Wenyeji wa Sake na Masisi waliowapokea wakati huo ni miongoni mwa hao wanaoitwa wezi leo.

Kuna hesabu moja zaidi katika kaye, na hiyo haina uchungu. Maharagi na viazi vinavyoliwa Goma vinatoka kwa sehemu kubwa Masisi na Rutshuru. Njia zikifunguka na watu wakirudi kulima, butiki za Lac Vert zitawahitaji tena. Magunia yatapandishwa bei au yatashushwa, yataletwa kwa mkopo au yatadaiwa feza mkononi, kulingana na jinsi mkulima alivyotendewa alipokuwa hana kitu. Mama ya kijana amekwisha kusema: mavuno yake ya kwanza, akipata kurudi, anajua mlango gani atayashusha.